Mama Alivyojifunza Kukaa

Wiki iliyopita mke wa mwanangu mdogo alinikuta barazani nikijisugua magoti kwa kiganja kikavu. Aliingia ndani, akatoka na kichupa cha mafuta ya nyonyo aliyoyanunua kwa mwanamke mmoja wa Unyambwa anayeyakamua mwenyewe, akapiga goti mbele yangu, akaanza kunipaka. Baada ya kitambo akasimamisha mkono, akaniuliza kama ameniumiza. Nikamwambia hapana, ni ukali wa mafuta tu umenipanda machoni. Hakuniamini, lakini ni mtoto mwenye adabu, akaendelea kunisugua kimya.

Wenzangu tuliokua zama za Mwingereza mnaijua harufu ya nyonyo. Kwenu huenda ni harufu ya nywele zilizosukwa Jumamosi, au ya kile kijiko tulichoshikiwa pua tukinyweshwa tumbo lilipofunga. Kwangu mimi ni harufu ya viganja vya mama na ya magurudumu ya kiti chake. Alivipaka vyote viwili kila asubuhi kwa mafuta yaleyale, viganja kwanza ili visipasuke, kisha magurudumu ili yasilie.

Tulikaa Sekenke, chini ya mteremko, pale barabara inapomaliza kujikunjakunja ikitoka Iramba ya juu. Baba alilima uwele na mtama na alikuwa na ng'ombe wachache. Sisi watoto tulikuwa wawili, kaka yangu Msengi na mimi, na ndiyo maana watu walimwita mama Mama Msengi. Mama yake mzazi, bibi yetu, alikaa Misigiri. Siku mama alipoumia alikuwa ametoka kumwona. Alipanda lori la mfanyabiashara lililopakia magunia ya karanga, likashindwa breki kwenye kona za mteremko, likalala ubavu. Wengine waliinuka wakajikung'uta vumbi. Mama hakuinuka. Mgongo ulikuwa umevunjika, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu, hata ukimfinya.

Nilikuwa sijang'oka meno ya mbele alipopelekwa hospitali ya misheni kule juu. Aliporudi meno mapya yalikuwa yameshaota. Alirudi juu ya gari la ng'ombe, na nyuma yake kilifungwa kiti kilichotengenezwa na seremala wa misheni: fremu ya mninga, magurudumu mawili ya baiskeli ubavuni, kigurudumu kidogo cha mti kwa nyuma, na kikalio cha ngozi ya ng'ombe iliyosukwa. Watu wakakiita baiskeli ya Mama Msengi. Barabara yetu ilikuwa na miiba mno, na matairi yalipotoboka baba aliyajaza nyasi kavu, akayafunga kwa kamba za ngozi. Mimi nilidhani kiti kile ni cha kumfikisha nyumbani tu, na kwamba akishafika atashuka, atembee.

Na mambo aliyoanza kuyafanya yalinithibitishia hivyo. Hospitalini dresa mmoja, msaidizi wa daktari, alikuwa amemfundisha mazoezi, na mama aliyafuata kama mtu afuataye maagizo ya kanisa. Asubuhi kabla ya uji alikaa kitandani akaukamata mguu kwa mikono yake miwili, akaukunja, akaunyoosha, akauzungusha kwenye nyonga, kisha ule mwingine, polepole, kama mtu anayelainisha ngozi mbichi. Juu ya kitanda baba alimning'inizia kamba kwenye boriti, na kwa kamba hiyo alijivuta akajigeuza mwenyewe. Mchana alichukua mchi wa kinu akauinua juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, akaushusha, akauinua tena, mpaka jasho likamtoka kifuani. Jua lilipopungua makali alijisukuma barabarani, sehemu ile ya tambarare inayokwenda mpaka kwenye korongo, na kurudi. Mwanzoni alirudi akisukumwa na baba. Baadaye baba alitembea tu pembeni, mikono nyuma, wakizungumza. Mabega ya mama yakapanuka, shingo ikanenepa, na wanawake kisimani wakasema Mama Msengi sasa ana mikono ya mwanamume. Baba aliyasikia hayo akacheka, akasema basi wamletee jembe.

Lakini zoezi kubwa kuliko yote lilikuwa jingine. Mama aliweka viganja juu ya mbao za pembeni za kiti, akanyoosha mikono, akajiinua mpaka makalio yakaachana na ngozi, akabaki hewani, ananing'inia katikati ya mabega yake, akipumua kwa pua. Kisha akajishusha. Hatukuwa na saa nyumbani, kwa hiyo alipima kwa kazi. Akimaliza kupepeta ungo mmoja, anajiinua. Akimaliza kubangua bakuli la karanga, anajiinua. Kanisani alipima kwa ubeti wa wimbo. Watu waliposimama kuimba yeye alibaki amekaa, na kila ubeti ulipoisha nilimwona anapanda juu, uso umemjaa damu, kisha anashuka.

Mimi nikajua anachofanya. Anataka kusimama pamoja na wengine. Kila Jumapili niliacha kuimba nikaangalia ile nafasi kati ya mama na kiti, na moyoni nikaona inaongezeka. Leo amepanda zaidi ya wiki jana. Siku moja nafasi ile itakuwa kubwa kiasi kwamba miguu itanyooka chini yake yenyewe, kama ya ndama anayezaliwa. Niliwaambia watoto wenzangu kisimani kwamba mavuno yakifika mama atakwenda shamba kwa miguu, na waliobisha niligombana nao.

Uwele ulipoanza kuiva nilitambaa uvunguni nikavitoa viatu vyake vya katambuga, alivyokuwa navyo siku ya lori. Nilivikung'uta, nikavifuta kwa nyonyo mpaka vikang'aa, nikaviweka mbele ya kiti chake, vimeelekea mlangoni. Mama alikuwa anachambua mboga. Aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akaweka ungo chini.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya siku utakayosimama."

Nakumbuka alinivuta kwa mkono mpaka nikasimama katikati ya magoti yake, yale magoti yasiyojua kama nipo.

"Mwanangu," alisema, "mimi sijifunzi kusimama. Najifunza kukaa."

Sikuelewa. Kukaa hata mtoto mchanga hukaa. Basi akanieleza. Akaniuliza kama nimewahi kuona boga lililoachwa shambani upande mmoja, juu ya udongo mbichi, bila kugeuzwa. Nilikuwa nimeliona: juu zuri, chini limeoza, ukilishika kidole kinazama. Akasema mwili usiohisi maumivu ni kama boga lile. Wewe ukikaa vibaya unaumia, unasogea, hata usingizini unageuka. Yeye hana wa kumwambia sogea. Nyama inakandamizwa, damu haipiti, ngozi inachanika, na kidonda kikishaingia hakirudi. Wale waliolazwa karibu naye wakiwa na migongo kama wake, waliokufa hawakuuawa na mgongo, waliuawa na vidonda. Ndiyo maana anajiinua, akae, ajiinue, akae. Mikono ikiwa na nguvu ataishi miaka mingi, atanisuka nywele mpaka siku ya harusi yangu. Mikono ikilegea, basi.

Nililia sana. Sikulia kwa hayo ya vidonda, hayo sikuyashika vizuri. Nililia kwa sababu ya viatu. Mama aliniacha nilie, na katikati ya kilio changu nikasikia kiti kinalia kidogo, nikajua amejiinua.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Uwele ulitoka shingo ukakauka, na ng'ombe wetu walikufa mmoja mmoja karibu na korongo. Tulikula mlenda bila ugali, kisha mizizi. Wanaume wengi waliandikishwa kwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge, na baba akaona hana njia nyingine. Akamwomba bibi ashuke kutoka Misigiri aje akae nasi.

Ninyi mnajua heshima ya mkwe ilivyokuwa kwetu. Baba hakuweza kukaa chumba kimoja na bibi, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni. Atawezaje kutamka mbele yake habari za makalio, tena makalio ya binti yake? Siku ya kuondoka alisimama nje ya ua, uso ameelekeza kwenye mteremko, kofia mkononi, na bibi akiwa ndani ya mlango. Alisema, "Mama, mwenzangu ana mazoezi yake. Nakuomba asiyaache." Bibi akamjibu kwamba aende salama, mwanawe yuko mikononi mwake. Baba alisita. Kisha akamuaga mama, akatugusa vichwa Msengi na mimi, akashika barabara.

Bibi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alizaa watoto wengi akawazika wote isipokuwa mama. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea. Siku ya kwanza alipomwona mama ameinua mchi juu ya kichwa, jasho linamchuruzika, mishipa imemsimama shingoni, alikaa chini akajifunika uso kwa kaniki akalia. Kisha aliinuka akauchukua ule mchi mikononi mwa mama, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akasema ng'ombe aliyevunjika mguu hafungwi plau.

Mama alimweleza. Nilikuwepo, alimweleza kwa Kinyiramba, kwa maneno yaleyale aliyonieleza mimi, hata lile boga. Bibi alisikiliza yote akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema hayo ni ya hospitali, na hospitali walikuwa hawana mama wa kumgeuza, ndiyo maana walimtaka ajigeuze mwenyewe. Sasa mama yake amekuja. Yeye atamgeuza, atamwogesha, atamlisha. Alale tu, apumzike, ameshateseka vya kutosha.

Walibishana siku kadhaa, kwa upole, maana mama hakuwahi kumpandishia bibi sauti. Asubuhi mama aliiomba kamba, bibi akawa ameifunga juu isifikike. Alasiri aliomba kiti, bibi akasema jua kali, au upepo una vumbi, au kesho. Na njaa nayo ilikuwa upande wa bibi. Mtu anayekula mlenda mtupu hana nguvu ya kuinua mchi, wala ya kushindana na mama yake. Siku moja Msengi, aliyekuwa ameanza kuota ndevu, alimwuliza mama kwa nini asikatae kabisa. Mama alimwambia, "Amezika wote. Nitamnyimaje mmoja wa kumtunza?"

Kiti kikasogezwa ukutani. Kuku mmoja aliyebaki akakigeuza kiota.

Nami niseme ukweli wa mtoto: zilikuwa siku tamu. Mama niliyemjua tangu hospitalini alikuwa mtu wa kazi, mgumu wa mwili, kila wakati anakunja, anainua, anasukuma. Sasa alilala juu ya ngozi laini ambayo bibi aliikanda mwenyewe, na mimi nikalala ubavuni pake mchana kutwa. Alinisuka, akanifumua, akanisuka tena. Alinisimulia habari za utoto wake Misigiri, na bibi akakaa miguuni akimrekebisha pale alipokosea. Mikono ya mama ikawa laini. Viganja vikapoteza ile sugu ya magurudumu. Nikadhani hivyo ndivyo mtu anavyopona.

Bibi alimgeuza, ndiyo, lakini alimgeuza alipokumbuka, na akimkuta mama amesinzia alimwonea huruma, akamwacha. Mama akisinzia alilala chali, na njaa ilimsinzisha sana.

Harufu nilianza kuisikia mimi kabla ya watu wazima, kwa kuwa ndiye niliyelala karibu. Nilidhani ni panya aliyefia uvunguni. Nilitafuta, nikapangusa kote, sikumpata. Kisha mama akaanza kutetemeka mchana wa jua kali, anaomba blanketi, na bibi alipomgeuza vizuri alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Kidonda kilikuwa chini ya mgongo. Juu kilionekana kidogo, lakini kwa ndani kilikuwa kimekula kwenda mbali. Bibi alichemsha majani, akaosha, akafunga, akaosha tena, akaomba. Hakula. Alichokipata kidogo alimpa mama, na mama hakukiweza.

Msengi alishika njia kwenda hospitali kuomba msaada. Njiani, kwenye kona za mteremko, alikutana na baba anashuka. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, amebeba blanketi jipya begani na mfuko wa unga. Walishuka pamoja wakikimbia.

Baba alipoingia alikiangalia kwanza kiti pale ukutani, manyoya ya kuku juu ya kikalio, magurudumu yameshika kutu. Aliangalia kamba iliyofungwa juu kwenye boriti. Bibi alikuwa ametoka upesi kwa mlango wa nyuma kumpisha mkwewe. Baba alipiga magoti kando ya kitanda, mama akafungua macho, akamtambua. Nilikuwa pale miguuni, hakuna aliyenifukuza.

"Usimwambie mama," ndiyo aliyosema mama, kabla hata ya salamu. "Nikifa, usimwambie kuwa kulala huku ndiko kulikoniua. Atabaki na nini?"

Baba alisema hutakufa. Mama akamshika kidole, kwa mkono ule uliokuwa umelainika. "Niahidi."

Akaahidi.

Baba na wanaume wengine walimbeba kwa machela mpaka juu. Hospitali walifanya waliyoweza. Alifia kule, baba akiwa naye, na walimrudisha kumzika nyumbani, kwenye ardhi iliyokuwa ngumu mno hata sururu zikapokezana tangu asubuhi mpaka jua kuelekea magharibi.

Kwenye matanga wanawake walikaa na bibi, nami nikakaa mapajani pake. Kila aliyekuja kumpa pole, bibi alimwambia maneno yaleyale. Alisema, "Angalau nilimpumzisha. Siku zake za mwisho mwanangu hakuchoka." Alisema kwa utulivu, na nilihisi kifuani mwake kwamba neno lile ndilo fimbo anayoegemea. Baba alikuwa nje ya mlango na wanaume. Alisikia. Alitazama chini, akavunja kijiti alichokuwa amekishika, akavunja tena kila kipande mpaka havikuwa vya kuvunjika. Mzee mmoja alimwuliza mkewe aliuawa na nini hasa. Baba akasema homa.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na aliondoka duniani bila mtu kumwambia. Baba alimpelekea chakula Misigiri kila mavuno, akakiweka mlangoni kama mila ilivyotaka.

Lakini kuna siku moja ya mwisho niliyotaka kuwasimulia. Baada ya arobaini baba alikisafisha kiti. Alikisugua kutu kwa mchanga, akabadilisha nyasi kwenye matairi, akasuka upya ngozi ya kikalio, akapaka nyonyo. Akasema ni mali ya hospitali, kirudi kwa anayekihitaji. Tulipanda mteremko yeye na mimi, akikisukuma kitupu, na pale nilipochoka aliniambia nikae. Nilikataa, nikatembea.

Hospitalini walituonyesha mwanamume mmoja, mtu mzima mwenye watoto, aliyeanguka kutoka kwenye mti akitundika mzinga wa nyuki. Alikuwa amelala kivulini kwenye ukumbi. Mama yake alikaa kichwani pake, amemwekea mikono mabegani kumzuia asijisumbue, anampepea kwa kipande cha kaniki. Kila yule mwanamume alipojaribu kujiinua kwa kiwiko, mama yake alimrudisha chini kwa upole. "Pumzika baba," alimwambia. "Pumzika."

Baba alisimama akiwatazama kwa muda mrefu. Kisha alikisogeza kiti mpaka mbele ya yule bibi, akamwamkia shikamoo, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikaa ndani ya kiti cha mama. Aliweka viganja juu ya mbao, akanyoosha mikono, akajiinua, akabaki hewani, akitetemeka, kwa sababu mikono yake haikuwa na mazoezi kama ya mama. Akajishusha, akajiinua tena. Nami nikaona uso wake umelowa, na hakuufuta.

Yule bibi hakuwa mkwe wake. Kwa hiyo baba alimtazama usoni, akamweleza yote: makalio, ngozi, damu isiyopita, kidonda kinavyoanza na kinavyonuka. Alitaja kila kitu kwa jina lake, mbele yangu, bila aibu. Akamwambia, "Mama, kama unampenda mwanao, mwache atoke jasho. Alie kwa kuchoka. Akikuomba msaada, mpe kamba, usimpe mkono."

Yule bibi alisikiliza, bado mikono yake iko mabegani kwa mwanawe. Akauliza nani alimfundisha mambo hayo.

"Mke wangu."

"Na yeye yuko wapi, nimwone?"

Baba aliinuka kwenye kiti, akakigeuza kielekee kwa mgonjwa.

"Amepumzika, mama," akasema.

Yule bibi alielewa. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akasema pole kwa sauti ndogo. Kisha, polepole, akaondoa mikono yake mabegani kwa mwanawe, akaiweka mapajani pake mwenyewe, akaikunja, akaanza kumwangalia anavyohangaika kuinuka.